Mwongozo kamili wa kupanga ngoma za brekbiti: kasi ya 170 bila kugeuka cherehani

Wiki iliyopita nililetewa mradi mwingine. Kijana anaijua programu yake vizuri, kasi ameweka mapigo 174 kwa dakika, rangi za truki zimepangwa kwa utaratibu. Nikasogeza macho kwenye baa ya kwanza (baa ni fungu la mapigo makuu manne) nikahesabu mapigo 19 ya snea, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini. Zote zimepigwa kwa nguvu ileile, zote zimekaa juu ya mstari kabisa. Akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekesha: "Kaka, mbona inalia kama cherehani?"

Swali hilo naletewa kila mara, na kila mara kosa ni moja. Kasi ya brekbiti, muziki wa ngoma zilizorekodiwa zikakatwa na kupangwa upya, haitoki kwenye wingi wa mapigo. Inatoka kwenye tofauti kati ya pigo zito na pigo dogo linalopita ubavuni mwake. Sikio linashika snea mbili kubwa kama nguzo, halafu vipigo vidogo vinavyokimbia katikati ya nguzo hizo ndivyo vinavyolifanya lihisi mbio. Ukivipandisha vyote viwe nguzo, hakuna tena kinachokimbia.

Wengi wanaonijia wametokea kwenye singeli, ambako kupita 200 ni jambo la kawaida, kwa hiyo hawaogopi mbio. Wanachokosa ni kitu kingine. Singeli inaweza kusimama juu ya lupu fupi inayorudi bila kuchoka. Brekbiti imesimama juu ya mtu: mpiga ngoma mmoja, mikono miwili na mguu, ambaye tunamkatakata na kumpanga upya. Mwongozo huu wote ni wa kumlinda mtu huyo asipotee ndani ya kompyuta.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Programu ya kutengenezea muziki. FL Studio, Ableton Live, Reaper au Renoise, yoyote uliyoizoea. LMMS ni ya bure na inatosha kujifunzia. Kama unatumia toleo la majaribio la FL Studio, kumbuka halikuruhusu kufungua tena mradi uliouhifadhi, hivyo toa sauti yako kama WAV (faili la sauti lisilobanwa) kabla ya kuzima mashine.

Hedifoni za waya. Zile zisizo na waya huchelewesha sauti. Ukigonga kibodi kwa mkono, pigo utalisikia baada ya kidole kuwa kimeshaondoka, na hutajua kosa ni la mkono au la hewani.

Rekodi ya ngoma, baa 2 hadi 4, katika WAV. Isiwe sauti iliyoporwa kwenye video. Sauti iliyobanwa sana hupoteza makali ya haihati (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), na sisi hapa tutaikata vipande na kuipandisha kasi, kwa hiyo kila doa litaonekana.

Kiki (ngoma kubwa ya mguu) moja safi na snea moja safi, za kuweka chini ya rekodi baadaye.

## Rekodi ipi?

Rekodi ambayo wengi huanzia ni ile iitwayo Amen: baa 4 alizopiga Gregory Coleman wa kundi la The Winstons huko Marekani mwaka 1969. Inachukua kama sekunde 7, kwa kasi inayokaribia 137. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa London waliipandisha hadi zaidi ya 160, na kutoka hapo mtindo mzima ukazaliwa. Nitaitumia kama mfano kwa sababu mpangilio wake unafundisha kila kitu tunachohitaji.

Onyo: kujifunzia ni jambo moja, kuuza ni jingine. Rekodi ina wenyewe. Wimbo wako ukipakiwa mtandaoni ukiwa na sampuli (kipande cha rekodi ya mwingine) usiyo na ruhusa nayo, unaweza kuondolewa, au mapato yake yakaenda kwa mwingine.

Njia ninayoipenda zaidi ni kurekodi ya kwako. Kuna ngoma kanisani, kuna ngoma kwenye ukumbi wa bendi, na mwenye funguo yupo. Mimi nilikwenda Jumamosi mchana kwa mpiga ngoma wa kwaya yetu, nikaweka simu juu ya kiti cha plastiki, hatua mbili kutoka kwenye ngoma, kimo cha kifua chake. Akaanza kupiga kama Jumapili, matoazi yote, nguvu zote.

"Kaka, punguza," nikamwambia. "Mkono wa kushoto ucheze juu ya snea kama unatafuta kitu gizani."

Akacheka, akapiga tena, kwa kasi ya 130. Mkono wa kushoto ukawa unagusa tu ngozi kati ya mapigo makubwa, kama mvua inayoanza kwenye bati. "Hivi, mdogo wangu?" Hivyo hivyo. Sekunde 8 za mchana ule nimezitumia kwenye kazi sita.

Ukirekodi mwenyewe, weka simu mbali na matoazi na uangalie sauti isifike ukomo. Rekodi iliyokwaruza haiponi.

## Hatua ya 1: Weka kasi 170, lakini isikie 85

Andika 170. Hiyo ni kasi ya kufundishia. 160 hadi 175 zote zinafaa.

Kisha jifunze namba hizi, kwa sababu utazitumia hadi mwisho. Kwenye 170, pigo kuu moja huchukua milisekunde 353. Baa moja ina mapigo makuu manne, kila pigo tunaligawa visanduku vinne, yaani visanduku 16, na kila kisanduku ni milisekunde 88. Nusu ya kisanduku ni 44.

Milisekunde 88 ni kitambo kidogo sana. Mkia wa kiki ndefu unamaliza visanduku vitatu kabla haujanyamaza. Ndiyo maana sauti zilizokufaa kwenye biti ya 95 zinakuwa uji hapa.

Washa mlio wa kuhesabu na utikise kichwa mara mbili tu kwa baa, siyo mara nne. Utakuwa unatikisa kwa 85. Huo ndio mwendo wa mwili katika muziki huu. Ngoma zinakimbia juu yake na besi inatembea chini yake.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kutikisa kichwa kwa utulivu dakika nzima bila kuharakisha.

## Hatua ya 2: Pandisha rekodi, usiivute

Programu nyingi zitajitolea kuilinganisha rekodi na kasi ya mradi bila kubadilisha kimo cha sauti. Kataa. Kazi hiyo hufanywa kwa kupasua sauti vipande vidogo na kuviunganisha upya, na vichwa vya mapigo ndivyo vinavyoumia kwanza. Snea inapoteza mlio wake, inabaki kama kofi juu ya godoro.

Badala yake, iendeshe rekodi kwa kasi zaidi, kama kaseti inayozungushwa haraka. Gawanya kasi unayotaka kwa kasi ya rekodi: 170 kwa 137 ni 1.24. Kwa hiyo rekodi inakwenda kasi asilimia 24 zaidi, na kimo cha sauti kinapanda karibu nusu toni 3.7. Snea itapanda juu na kukaza, haihati zitang'aa. Usiogope, huo ukali ndio ladha yenyewe.

Ukiona imepanda mno, kama sauti za katuni, tafuta rekodi yenye kasi zaidi au snea nzito zaidi. Kuishusha kwa mashine kutakurudisha kwenye godoro.

Umefanikiwa ikiwa rekodi inazunguka baa 4 pamoja na mlio wa kuhesabu na haitengani nao mpaka mwisho.

## Hatua ya 3: Kata kwenye kichwa cha pigo

Hapa ndipo wengi wanaharibu bila kujua, kwa sababu programu inakukatia yenyewe na unaamini imekata vizuri. FL Studio ina Slicex na Fruity Slicer, Ableton Live ina Simpler, na zote hukisia mahali pa kukata. Zinakisia vyema kwenye kiki na snea kubwa. Kwenye vipigo vidogo zinaruka.

Kuza picha ya sauti mpaka uone pigo kama mlima. Mlima una ukuta mbele na mteremko nyuma. Kata chini kabisa ya ukuta, pale mstari unapokatiza sifuri. Ukikata ndani ya ukuta, pigo linapoteza meno. Ukikata mapema mno, kila pigo litachelewa kidogo, na utahangaika na mdundo mzito usioelewa umetoka wapi.

Ukisikia "tik" mwanzoni au mwishoni mwa kipande, weka mfifio wa milisekunde 1 hadi 3. Usizidishe.

Kisha fanya jambo ambalo halionekani kwenye video nyingi za mafunzo: weka vipande vyote kwenye kundi moja la kukatana, ili kipande kipya kikianza cha zamani kinyamaze. Mpiga ngoma ana snea moja. Hawezi kuipiga upya huku mlio wa pigo lililopita ukiendelea bila kuguswa. Vipande vikilaliana, unasikia wapiga ngoma watatu wanaogombana.

Vipe majina. Mimi huandika K1, K2 kwa kiki. S kwa snea kubwa. Kwa zile ndogo, s1, s2, s3. T kwa toazi. Usipovipa majina, baada ya dakika 20 utakuwa unabahatisha tu.

Umefanikiwa ikiwa ukivipiga vipande vyote kwa mpangilio wao wa asili, huwezi kutofautisha na rekodi iliyokuwa haijakatwa. Kama unatofautisha, rudi ukarekebishe sasa. Kila hatua inayofuata inasimama juu ya hii.

## Hatua ya 4: Simamisha mifupa

Futa ubao. Baa moja, visanduku 16, mapigo manne tu:

Kiki: 1 na 11
Snea: 5 na 13

Cheza hivyo kwa dakika mbili bila kuongeza chochote. Najua inachosha. Lakini kiki ya 11 imekaa mahali pa ajabu: haiko juu ya pigo kuu la tatu, ambalo ni kisanduku cha 9, imechelewa visanduku viwili. Uchelewaji huo ndio unaoivuta baa mbele, kama mtu aliyejikwaa akakimbia hatua mbili asianguke.

Snea za 5 na 13 usiziguse kwa sasa, ziwe na nguvu ya 115 hadi 127 (127 ndio ukomo wa kipimo cha nguvu ya pigo). Hizo ni nguzo. Msikilizaji akizipoteza, haijalishi umepanga nini katikati. Ataacha kucheza na kuanza kuhesabu.

## Hatua ya 5: Vipigo vya kunong'ona

Nikiombwa nichague hatua moja ya kufundisha, ningeichagua hii na kuziacha nyingine zote.

Angalia alichofanya Coleman katika baa mbili za mwanzo. Kiki zipo 1, 3, 11 na 12. Snea kubwa zipo 5 na 13. Halafu kuna snea ndogo tatu: 8, 10 na 16. Toazi linatembea kwenye visanduku vya namba witiri, 1, 3, 5 hadi 15.

Sasa tazama kisanduku cha 9. Hapo ndipo pigo kuu la tatu lilipo, na hapo hakuna kiki wala snea. Kuna toazi tu. Snea ndogo zimekaa pande zake mbili, 8 na 10, kama watu wawili wamesimama kulia na kushoto kwa mlango uliofunguliwa. Sikio linategemea kitu pale na halikipati, linaangukia mbele. Ukijaza kisanduku hicho kwa kiki kubwa, mbio zote zinasimama ghafla. Jaribu usikie mwenyewe; inafundisha kuliko maelezo yangu.

Namba za kuanzia, katika kipimo cha hadi 127:

Snea ya 8: nguvu 30
Snea ya 10: nguvu 40
Snea ya 16: nguvu 35

Ndiyo, ni ndogo hivyo. Ukiona hazisikiki, usizipandishe kwanza. Zinyamazishe kabisa, sikiliza baa mbili, kisha zirudishe. Ikiwa zikiondoka unahisi ngoma imekuwa nzito na imepoa, basi zinafanya kazi yake. Kipigo cha kunong'ona hakitakiwi kusikika kama kitu. Kinatakiwa kukosekana kikiondolewa.

Onyo mbili za hapa.

Ya kwanza: ukichukua kipande cha snea kubwa na kukipunguza nguvu, hupati snea ndogo. Unapata snea kubwa iliyo mbali. Fimbo ikigusa ngozi taratibu, sauti yake ni tofauti kabisa. Ung'avu unapungua, nyaya za chini hazitetemeki sana. Tumia kipande ambacho mpiga ngoma mwenyewe alikipiga taratibu. Kama huna, chuja sauti ya juu ya snea kubwa kuanzia kilohezi 4 hivi, na ukate mkia wake uwe mfupi.

Ya pili: ukitumia kipande ambacho tayari ni hafifu kwenye rekodi, usikipunguze tena mpaka 30. Kitapotea. Kiache karibu na 100, kwa sababu unyenyekevu wake umeshakuwa ndani ya sauti.

Umefanikiwa ikiwa ukipunguza sauti ya spika mpaka iwe chini ya sauti ya mazungumzo, bado unasikia snea mbili kubwa wazi, na kati yake unasikia kitu kinachotambaa.

## Hatua ya 6: Toka kidogo kwenye mstari

Ukiwa umetumia vipande kwa mpangilio wao wa asili, mwendo wa mpiga ngoma umeshaingia na unaweza kuruka sehemu hii. Ukiwa umeandika vipigo kwa mkono kwenye visanduku, kila kitu kimenyooka kama rula.

Acha kiki na snea kubwa palepale. Zile ndogo zisogeze nyuma kidogo, milisekunde 7 hadi 11. Kwenye FL Studio, mpangilio wa kawaida una tiki 96 kwa pigo kuu, hivyo tiki moja kwenye 170 ni kama milisekunde 3.7, sogeza tiki 2 au 3. Shikilia Alt unapovuta noti ili isirukie mstari.

Usitumie kitufe cha kuchanganya nafasi kwa kubahatisha. Mkono wa binadamu haubahatishi. Una tabia: snea ya 10 huchelewa kwa namna ileile kila baa. Kosa linalojirudia linakuwa mtindo, na kosa lisilojirudia linabaki kosa.

## Hatua ya 7: Jenga sentensi ya baa nne

Baa moja nzuri ikirudiwa mara 64 inakuwa adhabu. Lakini ukiibadilisha kila baa, msikilizaji hana pa kukaa.

Coleman tena ana jibu. Baa ya 1 na ya 2 zinafanana. Kwenye baa ya 3 snea ya mwisho inachelewa: haipo 13, inakuja 15. Baa ya 4 inaanza na nafasi tupu, kisha mdundo unayumba na toazi la kishindo linaingia mapema kuliko ulivyotarajia. Yaani: nasema, narudia, nasitasita, nashangaza.

Nakili mpango huo, siyo lazima mapigo yenyewe. Baa ya 1 na 2 ziache. Kwenye baa ya 3 badilisha jambo moja tu, na liwe mwishoni. Kwenye baa ya 4 ruhusu mambo mawili au matatu. Baa ya 5 ikirudi na kiki kwenye 1 na snea kwenye 5, utahisi kama umefika nyumbani.

Ukipanga baa 8, acha baa ya 4 iwe na mabadiliko madogo na uhifadhi makubwa kwa ya 8. Vijana wengi wanamaliza risasi zote kwenye baa ya 2.

## Hatua ya 8: Mikato ya mbio

Sasa tunafika pale ulipotaka kufika tangu mwanzo. Nimekuchelewesha makusudi.

Kurudia kipande. Chukua snea kwenye kisanduku cha 15 na uipige kila nusu kisanduku hadi mwisho wa baa. Hayo ni mapigo 4, kila moja milisekunde 44. Nguvu zianzie 45 zipande hadi 110. Usizisawazishe, ukizisawazisha umerudi kwenye cherehani.

Kugawa kwa tatu. Anzisha kipande kimoja chenye kiki na toazi kwenye visanduku vya 1, 4, 7, 10, 13 na 15. Tatu, tatu, tatu, tatu, mbili, mbili. Jumla ni 16, kwa hiyo unarudi nyumbani kwa wakati, lakini njiani sikio limepotea kabisa. Weka mahali pa baa ya 4 au ya 8.

Kugeuza. Snea iliyogeuzwa mbele nyuma, ikimalizikia pale snea halisi ya 5 inapoanza, inavuta pumzi kabla ya pigo. Ukuta wake lazima uishe kwenye mstari kabisa. Ikichelewa kidogo tu inalifunika pigo lenyewe.

Kugeuza mapigo kuwa noti. Hili linanifurahisha hadi leo. Endelea kugawa: robo ya kisanduku ni milisekunde 22, mapigo 45 kwa sekunde. Thumuni ya kisanduku ni milisekunde 11, mapigo karibu 91 kwa sekunde. Hapo sikio haliwezi tena kuhesabu. Linasikia noti, mngurumo wa chini karibu na Fa kali. Ngoma imegeuka kuwa besi bila kubadilisha ala. Ukirefusha hatua kwa hatua, noti inashuka, ukifupisha, inapanda. Tumia kwa nusu pigo kuu tu, kisha nyamaza.

Sheria yangu ya mikato yote: lazima itue. Itue juu ya kiki ya 1, au juu ya ukimya. Mkato unaoishia kwenye mkato mwingine haumwambii msikilizaji chochote. Na mmoja kwa kila baa 4 unatosha, mpaka uwe na sababu ya kuweka wa pili.

Onyo: mikato ya kasi hupandisha sauti ghafla. Teremsha sauti ya hedifoni kabla hujacheza kwa mara ya kwanza.

Umefanikiwa ikiwa mtu asiyejua muziki huu akisikiliza anaendelea kutikisa kichwa wakati mkato unapita, bila kusimama na kuangalia spika.

## Hatua ya 9: Weka mwili chini ya rekodi

Rekodi iliyopandishwa kasi imepanda pia kimo, hivyo uzito wa chini umepungua. Tunaiongezea nyama.

Ondoa kwenye rekodi sauti zote zilizo chini ya hezi 100. Weka kiki yako safi kwenye visanduku vya kiki kubwa peke yake, yenye nguvu kati ya hezi 50 na 60, na mkia usiozidi milisekunde 150. Kumbuka kati ya kiki ya 1 na ya 3 kuna milisekunde 176 tu.

Snea safi iweke chini ya 5 na 13, yenye mwili karibu na hezi 200. Isiguse zile ndogo hata moja.

Ukiunganisha na kiki ikapungua badala ya kunenepa, mawimbi mawili yanapingana. Geuza wimbi la moja juu chini. Likikataa, isogeze kiki safi milisekunde moja moja mpaka isikike nene.

## Hatua ya 10: Changanya kwa mkono mwepesi

Kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa) ikianza kubana mara moja, inaua vichwa vya mapigo. Ipe milisekunde 20 hadi 30 kabla haijashika, na iachie kwa takriban 80, ili iwe imepumua kabla ya kisanduku kinachofuata. Desibeli 3 au 4 za kubana zinatosha. Ukitaka ukali zaidi, tengeneza nakala ya ngoma, ibane sana mpaka iwe mbaya, kisha ichanganye kidogo chini ya ile asilia. Ila jihadhari: kubana kunapandisha vipigo vidogo. Rudi kwenye jaribio la hatua ya 5 kila baada ya kugusa kompresa.

Rivabu (mwangwi wa chumba) iwe fupi sana au isiwepo. Chumba alichorekodiwa mpiga ngoma kimeshaingia.

Mwisho, sikiliza kwenye spika ya simu. Kiki ya chini itapotea, usijali. Snea mbili na mnong'ono wa katikati lazima vibaki.

## Yule wa snea 19

Tulikaa naye Jumapili jioni. Sikumfungulia mradi mpya. Tulifuta kwenye uleule, noti moja moja, na kila tulipofuta tulicheza. Kwenye snea ya kumi hivi alinishika mkono: "Subiri kaka, rudisha nyuma." Akasikiliza mara tatu. Kisha akachukua kipanya mwenyewe akaendelea kufuta.

Zilibaki saba. Mbili kubwa, tano ndogo, na mbili kati ya hizo ndogo alizisogeza nyuma ya mstari bila mimi kumwambia ni tiki ngapi.